"Those in the room" na "walio" aliyepotea

Kosa lililonifunza zaidi kuhusu Kiingereza sikulifanya nikiandika Kiingereza. Nililifanya nikiandika Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo, tena kwenye tangazo la mstari mmoja.

Wakati huo kazi yangu ilikuwa kutafsiri barua na matangazo. Mkuu wetu alikuwa haandiki ila Kiingereza, na wenzangu wengi walitaka kusoma Kiswahili. Jumatatu moja asubuhi akanitumia haya: "I need to speak to everyone in the training on Thursday." Nikasoma mara moja, nikaona kazi ya dakika mbili, nikabandika ubaoni: "Mkuu atazungumza na wote Alhamisi kwenye mafunzo." Saa nane mchana akatoka chumbani kwake, uso umemkunjamana, anauliza mbona hata mmoja hajafika. Alikuwa amekaa anangoja tangu saa tano. Kumbe alimaanisha wale ambao Alhamisi watakuwa kwenye mafunzo, na alitaka kuwaona siku ile ile ya Jumatatu, kabla hawajaenda.

Nilijitetea kwamba sentensi yake haieleweki. Nilikuwa nadanganya. Sentensi ilieleweka vizuri sana, ilieleweka kwa namna tatu, na mimi niliokota moja bila kutazama nyingine. Ingeweza kuwa "Nahitaji kuzungumza siku ya Alhamisi na wote walio kwenye mafunzo." Ingeweza kuwa "Nahitaji kuzungumza na wote, mle mle kwenye mafunzo, Alhamisi." Na ingeweza kuwa hii aliyoitaka yeye: "Nahitaji kuzungumza na wote watakaokuwa kwenye mafunzo ya Alhamisi." Kiswahili kinakubana uchague kabla hujafika kwenye nukta. Kiingereza hakikumbana mkuu wangu hata kidogo. Alitaja "everyone", akapachika mahali, akapachika siku, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuchungulia nyuma ya viwakilishi, yaani maneno yanayosimama badala ya jina, kama "everyone", "those" na "him". Naona hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa, kuliko hata kwenye nyakati za vitenzi tulizokaririshwa shuleni, na hakuna anayetuambia.

Shida iko hivi. Kiswahili hakipendi mahali au wakati vining'inie nyuma ya mtu bila kufungwa. Tunavifunga, na kamba tunazo mbili. Moja ni ile "a" unganifu: yule wa kushoto, wale wa nyuma, ile ya jana. Nyingine ni "o" rejeshi: aliye nje, waliomo ndani, watakaokuwa mezani. Kiingereza nacho kina kamba ya aina hii ya pili, "who are", "which was" na jamaa zake, lakini kikifika kwenye kirai cha mahali au cha wakati, fungu la maneno kama "in the room" au "on Thursday", mara nyingi hukitupia tu nyuma ya kiwakilishi, pakavu. "Those who are in the room" si kosa. Ila mwenye lugha yake, kama hana sababu ya kusisitiza, atakwambia "those in the room".

Ukitaka kuiona kamba hiyo ikikatwa, ichukue Sala ya Bwana. Sisi tunasema "Baba yetu uliye mbinguni". Biblia ya King James ya mwaka 1611 ilikuwa karibu na sisi: "Our Father which art in heaven", ambapo "which art" inafanya kazi ile ile ya "uliye". Tafsiri nyingi za Kiingereza za siku hizi zimebaki na "Our Father in heaven" basi. "Uliye" ameondoka, na Mwingereza hamuulizii. Hapo kilichotangulia ni nomino, lakini weka kiwakilishi mahali pake na mambo yatakuwa yale yale.

Kwa hiyo ukisoma Kiingereza, kazi yako ya kwanza ni kumrudisha aliyepotea. Na hapa ndipo penye utamu, maana ukimrudisha anakuja na wakati wake. "Aliye", "aliyekuwa" na "atakayekuwa" ni watu watatu tofauti. "In the room" haina wakati kabisa, haijui jana wala kesho. Tazama:

"Everyone in the room laughed." Wote waliokuwamo chumbani walicheka.

"Everyone in the room is a teacher." Wote waliomo chumbani ni walimu.

"Everyone in the room will get a copy." Hii nayo? Waliomo sasa hivi, au watakaokuwamo nakala zikigawiwa?

Sentensi mbili za kwanza zinajibiwa na kitenzi kikuu. Ya tatu haijibiwi na sarufi, inajibiwa na mwandishi mwenyewe au na mazingira. Mazoea niliyojijengea ni kutotafsiri kirai kilicho nyuma ya kiwakilishi mpaka nimeshakiona kitenzi kikuu. Naruka, nakwenda kwenye kitenzi, nauliza jambo lenyewe limetokea lini, ndipo narudi nyuma kumvika "everyone" wakati unaomfaa. Mwanzoni ilinichosha. Sasa jicho linaruka lenyewe.

Anayetafsiri kuanzia kushoto kwenda kulia bila kuruka huishia kwenye kile ninachokiita ugonjwa wa katika. "Kila mtu katika chumba alicheka." "Wale katika mstari wa mbele watapewa." "Mtu katika ofisi ile aliniambia." Mnaisoma kila siku, najua, kwenye habari zilizotafsiriwa mbio mbio. Hakuna neno lililokosewa humo, na bado hakuna mtu anayezungumza hivyo. Mwambie mama yako "mtu katika ofisi ile aliniambia" uone atakavyokutazama. Atasema "mtu mmoja wa ofisi ile", au "mtu aliyeko ofisini pale". Mimi nikimaliza rasimu hutafuta kila "katika" iliyokaa mara tu baada ya mtu, wale, kila mmoja au kitu, kisha natazama kama mbele yake kuna kamba. Ikikosekana, najua Kiingereza kimepenya.

Katika kamba zenyewe nako kuna kuchagua, na Kiingereza hakikusaidii. "Those at the back" ni wale wa nyuma au ni walio nyuma? Kwa sikio langu, wale wa nyuma ni kundi: ndiyo sehemu yao, hata kama mmoja ametoka nje kupunga upepo bado ni wa nyuma. Walio nyuma ni wale ambao wakati huu wamekaa huko, na wakihamia mbele si wenyewe tena. "A" unganifu inabandika utambulisho, "o" rejeshi inaripoti hali. Tena ile ya kwanza haina wakati, kama kirai cha Kiingereza kisivyo na wakati. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Na kuna vihusishi ambavyo ukivifunga kwa kamba yoyote bado vinakataa, mpaka uvigeuze kuwa vitenzi. "Those before us" nimeona ikiandikwa "wale kabla yetu". Tunao waliotutangulia! Neno zuri hilo, linakaa peke yake bila msaada. "Those after us" ni watakaotufuata. "Those around us" ni wanaotuzunguka. "Those against" ni wanaopinga. Kiingereza kimeweka mwendo wote ndani ya kihusishi kidogo, Kiswahili kinaupenda mwendo ukae kwenye kitenzi. Nikikwama na kihusishi cha Kiingereza nyuma ya "those", swali langu huwa: hawa watu wanafanya nini? Mara nyingi jibu ndiyo tafsiri.

Sasa tugeuze upande. Unaandika Kiingereza wewe, na kamba unataka kuikata ili usisikike mzito. Usiikate kila mahali. Nilifanya hivyo. Nilimwandikia mwenzangu mmoja wa mbali, mzawa wa lugha ile: "They in the second group will come on Monday." Akanijibu kwa adabu: "So those in the second group are coming on Monday?" Hakunisahihisha kwa maneno, alinirudishia sentensi yangu ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Niliisoma mara tatu kabla sijaona alichobadilisha.

Kumbe viwakilishi vya Kiingereza havilingani kwa ukarimu. Vingine hukaribisha kirai nyuma yao, vingine hufunga mlango. Vinavyokaribisha ni "those", "the one" na "the ones", jamii yote ya "someone", "anybody", "nothing", "everything", na vile vya kuhesabu kama "all", "some", "many", "few", "most". Someone at the door. Nothing in the box. The one on the left. Few in this field. Vinavyofunga mlango ni "he", "she", "it" na "they". "He in the corner is my teacher" haisimami. "It on the table is mine" mbaya zaidi. Sema "the man in the corner" na "the one on the table".

Nilitafuta njia ya kukumbuka hilo bila orodha, nikaikuta nyumbani, kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi hatusemi "yeye wa kona ile ni mwalimu wangu". Tunasema "yule wa kona ile". Yeye ni mtu ambaye tayari tunamjua, hahitaji kuelezwa yuko wapi ndipo tumtambue. Yule ndiye anayeoneshwa kidole. Basi ukiona moyoni mwako unataka kusema yule au wale, tumia "the one" na "those", kirai kitakaa. Ukiona ni yeye au wao, usimpachike kitu mgongoni. "Kile kilicho mezani" ni "the one on the table". Kilichobaki ni kuliamini sikio lako.

Sikio hilo hilo litakwambia kwamba sisi na ninyi ni hadithi nyingine. Tunasema "ninyi wa nyuma, nyamazeni" na "sisi wa huku hatusikii", na Kiingereza kinakubali vivyo hivyo: "You at the back, be quiet!" na "It is hard for us at the back to hear." "We in this office" nayo ni halali kabisa, ingawa ina harufu ya hotuba. Sisi na ninyi hawajulikani ni akina nani mpaka uweke mpaka, ndiyo maana wanavumilia kuelezwa.

Utakutana na "he who", kama kwenye methali "He who laughs last laughs longest", ukafikiri nimekudanganya. Hiyo ina kamba, "who" ipo pale, na ni lugha ya methali na maandiko, inalingana na yetu ya "yeye aliye juu". Utasikia pia Waingereza wakizungumza nyumbani wanasema "him in the corner" au "them upstairs". Isikie, icheke, usiiandike kwenye barua ya kazi. Na utaona "She, at ninety, still reads without glasses." Hapo mikato miwili imekitenga kirai, hakitambulishi ni "she" yupi, kinaongeza habari tu pembeni. Ukiondoa mikato hiyo sentensi inayumba.

Jambo dogo lakini limewahi kunitia aibu: umoja na wingi. Niliandika "Everyone in the other offices are waiting." Sikio langu la Kiswahili liliridhika, maana wote wanangoja, ni wengi. Lakini "everyone" kwa Kiingereza ni mmoja mmoja, na kitenzi kinamtazama yeye, hakitazami "offices" iliyojipenyeza katikati. Ni "is waiting". Kirai kikishakaa kati ya kiwakilishi na kitenzi, kifunike kwa kidole usome kilichobaki. "Everyone ... is." "Those ... are." "Each of them ... has." Kidole changu kimefanya kazi hiyo mara nyingi kuliko kamusi.

Turudi kwa "him" na "her", kwa sababu hapo Kiingereza kina ukali ambao sisi hatuna. Sisi mtendwa tumemmeza ndani ya kitenzi. "Nilimwona." Yuko salama mle ndani, na mengine yote yanaweza kupangwa tutakavyo: nilimwona jana kituoni, nilimwona kituoni jana, jana nilimwona kituoni. Mwingereza hana pa kumficha "him", kwa hiyo humgandisha nyuma ya kitenzi na hakuna kinachoruhusiwa kupita katikati. "I met her at the station yesterday." Ukiandika "I met at the station her" umekosea, na "I met yesterday her" vilevile. Nomino ndefu sana inaweza kuvumilia kusukumwa mwishoni, kiwakilishi hakivumilii. Ndiyo maana pia husema "turn off the light" na "turn the light off" vyote viwili, lakini ukija na kiwakilishi ni "turn it off at night" tu. "Turn off it" hakuna. Kiwakilishi kwanza, halafu "off", halafu usiku ndio ufuate.

Kipo kituko kimoja cha jamii hiyo ninachokipenda. Basi likitokeza, Mwingereza husema "Here comes the bus!" Kitenzi kimetangulia, basi limefuata, kama sisi tusemavyo "hilo linakuja basi". Ukitaka kuweka kiwakilishi, mpangilio unageuka: "Here it comes!" Ukisema "Here comes it" watakuelewa na watacheka. Vivyo hivyo "There goes your friend", lakini "There he goes". Mahali pametangulizwa, na bado kiwakilishi kinagoma kukaa baada ya kitenzi. Sijawahi kuihitaji kanuni hii kwenye tafsiri ya barua, lakini iliponiingia kichwani nilianza kuisikia kila kona.

Kwa kuwa kirai hakiwezi kumng'ang'ania "him", hutafuta pengine pa kushika, na pa kushika ni kitenzi. "I saw him on Monday": Jumatatu ndiyo siku ya kuona, haiwezi kuwa utambulisho wa huyo mtu. Hakuna "him" wa Jumatatu na "him" wa Jumanne. Lakini badili kiwakilishi tu: "I saw someone on the roof." Sasa kirai kina pa kushika pawili. Nani yuko juu ya paa, mimi niliyeona au yule niliyemwona? Kwa kawaida yule. Ongeza na siku, "I spoke to someone in the office on Monday", na tayari uko kwenye matatizo yangu ya mafunzo ya Alhamisi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama sentensi ya Kiingereza ina mtego, tazama kiwakilishi. "Him", "her", "them": ni nadra kunaswa. "Someone", "everyone", "anyone", "those": simama, hesabu ni wapi kirai kinaweza kushika.

Kama mwandishi ni wewe, usimwachie msomaji mtego huo. Mkuu wangu angeweza kuitanguliza siku: "On Thursday, I need to speak to everyone in the training." Siku ikikaa mbele na mkato wake inashika kitenzi, basi. Au, kwa maana aliyoitaka, "everyone in Thursday's training", ambapo ile "s" ndogo inafanya kazi ya "ya" yetu: mafunzo ya Alhamisi. Au kuirudisha kamba mzima mzima: "everyone who will be in the training on Thursday". Hii ni nzito, na mara nyingine uzito ndio unaohitajika. Watu wanaofundisha Kiingereza kizuri husifu ufupi mno kwa maoni yangu. Ufupi uliomkalisha mtu kwenye kiti saa tatu akingoja watu wasiokuja si sifa.

Kuhusu mpangilio wa mahali na wakati vinapofuatana, sina mengi. Kiingereza kikiachwa kitulie hutanguliza mahali, halafu wakati: "Meet me at the gate at six." Kiswahili chetu hakijali. Kwenye wakati wenyewe Kiingereza hupenda kuanza na kidogo kwenda kikubwa, "at six on Monday morning", ingawa "on Monday at six" nayo inakubalika. Sisi tunaanza na kikubwa, Jumatatu asubuhi saa kumi na mbili. Na ndiyo, "six" yao ni kumi na mbili yetu. Sitalieleza hilo, kila mtu ana kisa chake.

"At", "on" na "in" ndivyo vinavyowatesa watu wengi, na naelewa kwa nini. Kiambishi "-ni" kinavimeza vyote vitatu. Mezani: juu ya meza, ndani ya mtoto wa meza, au umeketi hapo unakula? "On the table", "in the drawer", "at the table", Kiingereza kinataka uamue. Niliwahi kujaribu kuviunganisha na "po", "ko" na "mo" zetu, nikadhani nimegundua siri. "Mo" na "in" vilikubaliana. Vingine vikanishinda, kwa sababu "po" na "ko" zinatofautisha mahali dhahiri na mahali pasipo dhahiri, jambo ambalo "at" na "on" hazilijali, nazo "on" inajali kugusana kwa uso, jambo ambalo sisi tunalisema kwa "juu ya" tukitaka. Acheni kulinganisha, mtapoteza wiki kama mimi. Kwa upande wa wakati ni rahisi zaidi: saa huchukua "at", siku na tarehe "on", miezi na miaka "in". Kisha ujue kwamba "this", "last", "next" na "every" zikitangulia, kihusishi hukimbia: "I saw her last Monday", bila "on". Wikendi wenyewe hawajapatana, Waingereza husema "at the weekend" na Wamarekani "on the weekend".

Mwezi uliopita nilipata ujumbe wa maneno machache kutoka kwa mtu mwingine kabisa, kuhusu bahasha iliyokuwa kwa mwenzetu mmoja asiyesoma Kiingereza: "He can give it to anyone at the meeting on Friday." Nikahisi baridi mgongoni. "Anyone", mahali, siku. Aipeleke mkutanoni Ijumaa ampe yeyote atakayemkuta? Au ampe leo yeyote ambaye Ijumaa atakuwa mkutanoni? Safari hii sikubandika kitu. Nikamwandikia mwenye ujumbe, nikamwekea maana zote mbili kwa nambari, moja na mbili, nikangoja kwa kiburi cha mtu aliyeshaungua.

Jibu likaja: "Either is fine."

Yaani zote mbili sawa. Nikakaa nikitazama skrini. Sasa nilihitaji sentensi ya Kiswahili ambayo haichagui, wakati kila rejeshi niliyoijaribu ilikuwa inachagua: atakayekuwa, atakayemkuta, aliyeko. Nikakumbuka ile kamba nyingine, isiyo na wakati. Nikaandika, "Mpe yeyote wa mkutano wa Ijumaa," nikatuma, na bahasha ikafika Jumatano.